Ngoma Hulipwa na Nani?

Muulize kijana wa Kilifi mwenye nyimbo mbili tatu YouTube ni nini kilimwingiza kwenye muziki. Atakwambia ni kipaji. Alizaliwa nacho, alianzia kwaya ya kanisa au kaswida za madrasa, na hii kitu anaipenda kutoka moyoni. Nimewauliza wengi, kuanzia Mtwapa hadi Watamu na Malindi, na kwa dakika tano za kwanza jibu ni hilo hilo. Lakini ukikaa naye, mkaagiza chai na mahamri, ikafika dakika ya ishirini, ndipo habari yenyewe inapotoka. Kulikuwa na mtu. Mtu wa mtaa wao, ama wa kijiji cha mamake, aliyekuwa na gitaa au kinanda au spika mbili kubwa. Watu wakimnyooshea kidole walisema: yule kazi yake ni muziki, na analipwa.

Hapo kwenye neno "analipwa" ndipo ninapotaka tukae. Kipaji pwani hii hakijawahi kuadimika. Kuna nyumba Ganze ambako mpaka nyanya anayechambua mchicha anakuimbia kwa sauti ya kukutoa machozi, na hajawahi kujiita msanii. Kinachobadilika, kizazi baada ya kizazi, ni nani aliye tayari kutoa pesa ili kijana aimbe. Ukimjua mlipaji, utajua kwa nini vijana wa wakati huo waliacha jembe wakashika gitaa. Utajua pia kwa nini wengi wao walizeeka bila kitu.

Tuanze kabla ya malipo. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilikuwa inawabana Wagiriama: kodi ya nyumba, na vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza, mama mjane, akaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji akiwaambia watu wakatae. Alikusanyaje umati bila redio, bila gazeti, bila hata baiskeli? Alicheza kifudu. Ngoma ikilia watu walitoka, na watu wakishatoka aliwaambia alilokuja kuwaambia, kisha akahamia kijiji kingine. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakamkamata na kumpeleka mbali, Kisii. Leo sanamu yake iko Malindi mjini, kwenye bustani yenye jina lake, na vijana hupiga picha pale.

Nataja habari hiyo kwa sababu inaonyesha ngoma ilikuwa na nguvu gani kabla haijawa kazi. Mpiga ngoma wa zamani alikuwa mkulima au mgema. Kwenye harusi au matanga alikula, alikunywa mnazi, alisifiwa, na asubuhi akarudi shambani. Hakuna mama aliyekaa macho usiku akijiuliza mwanawe atakula nini kwa kupiga ngoma, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa amesema atakula kwa ngoma.

Kisha zikaja tarumbeta. Wamisheni walikuwa Rabai tangu miaka ya 1840, na mwaka 1875 wakaanzisha Freretown, pale Kisauni, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Bendi za misheni na za askari ziliwafundisha vijana Weusi vyombo vya shaba na mwendo wa gwaride. Vijana hawakungoja ruhusa. Kufikia miaka ya 1890 Lamu na Mombasa kulikuwa na beni, ngoma ya kushindana iliyochukua sare, vyeo na tarumbeta za wazungu na kuzifanya za mtaani. Mombasa wakagawanyika, huku Kingi, huku Skochi, na kila upande ulitumia pesa nyingi kumshinda mwenzake. Bado ilikuwa pesa ya kutoka, si ya kuingia. Lakini hapo kitu kimoja kilikuwa kimeshafanyika: kijana alikuwa ameona chombo kigeni mikononi mwa mtu mweusi mwenzake, na kikalia.

Mlipaji wa kwanza wa kweli alikuwa jeshi.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 upande huu wetu wa Kilifi, Mgiriama, akasomea shule ya misheni. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika akaingia King's African Rifles, ile KAR ya wazee wetu. Humo kulikuwa na kikosi cha burudani, kazi yake kuwachangamsha askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Fikiria hilo kidogo. Kijana wa Kilifi, miaka ishirini, yuko Asia, serikali inamlisha, inamvisha na kumlipa mshahara, na kazi yake ni gitaa. Huenda hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kulipwa kila mwezi kwa jambo lolote lile.

Si kwetu tu. Kwenye Vita vya Kwanza, mwanamuziki mweusi wa Marekani, James Reese Europe, alikwenda Ufaransa na bendi ya kikosi cha 369 kutoka Harlem, na Wafaransa wengi walisikia muziki wa aina ile kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari. Ni ajabu ya historia kwamba serikali zilizowanyima watu Weusi haki zao ndizo zilizowapa baadhi yao chombo, muda wa mazoezi na mshahara. Ziliwapa kwa faida yao wenyewe, lakini ujuzi ulibaki vidoleni mwa kijana.

Fundi Konde aliporudi hakurudi kuwa yule yule. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa Kenya kupiga gitaa la umeme kwenye rekodi. Kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950 alirekodi nyimbo ambazo wazee wetu bado wanazijua, "Tausi" na "Majengo Siendi Tena" zikiwemo. Alifanya kazi na Peter Colmore, mzungu wa Nairobi aliyekuwa akirekodi wanamuziki na kutengeneza matangazo ya biashara. Yaani mlipaji alibadilika: kutoka jeshi akawa kampuni ya santuri na mwenye bidhaa ya kuuza. Na santuri, tofauti na askari, ilifika kijijini. Gramafoni moja kwenye duka la Mhindi ilitosha. Mtoto aliyesimama nje ya duka akasikia Kiswahili chake kinatoka kwenye sanduku, na akaambiwa yule anayeimba ni wa kwetu.

Huyo mtoto wa nje ya duka ndiye ninayemtafuta kwenye kila kizazi.

Mlipaji wa pili aliingia kwa ndege. Malindi ilikuwa na hoteli za wazungu tangu miaka ya 1930, lakini baada ya uhuru mambo yakawa makubwa. Waitaliano walijenga kituo chao cha anga Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini. Walikuja wanasayansi, wakafuata marafiki zao, wakafuata wenye mahoteli na wenye pizza, mpaka leo Malindi utakuta mzee muuza vinyago anapatana bei kwa Kiitaliano safi. Kuanzia Diani hadi Watamu, ufuo ukajaa hoteli, na kila hoteli ilitaka bendi jioni na kikundi cha ngoma wakati wa chakula.

Hapo ndipo wanaingia Them Mushrooms. Teddy Kalanda Harrison aliianzisha bendi hiyo na ndugu zake mwaka 1972, na majina yao yanakuambia kwao ni wapi: Kalanda, Ziro, Kalume, Katana. Miaka mingi walipiga kwenye mahoteli ya Mombasa. Kazi ya bendi ya hoteli ni kujua wimbo wa mgeni kabla mgeni hajauomba. Reggae, rumba, chakacha, nyimbo za Ulaya, vyote unapiga, na kesho yake unarudia kwa sababu wageni wamebadilika ila orodha ni ile ile. Teddy akatunga wimbo uliokuwa mfupi na mwepesi, wenye maneno ambayo mgeni yeyote anaweza kuyashika siku yake ya kwanza. "Jambo Bwana" ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 kundi la Boney M likaitoa kwa namna yake huko Ujerumani, na tangu hapo sidhani kuna hoteli ya pwani ambayo haijaipiga.

Sasa sikiliza jina lenyewe. Nani kwetu anasalimia "jambo"? Mswahili husema hujambo, hamjambo, au shikamoo kama ni mkubwa wake. Hilo "jambo" tupu ni Kiswahili cha mgeni. Teddy alilijua hilo kuliko mimi na wewe, na akamtungia mgeni wimbo kwa Kiswahili cha mgeni. Watu wa chuo hupenda kuucheka wimbo huo, ati ni wa watalii. Ni kweli ni wa watalii, ndio waliokuwa wakilipa. Mimi nauona kuwa wimbo mwerevu kuliko nyingi zinazoitwa za maana. Mlipaji anasikika ndani yake waziwazi, hakujificha.

Na pesa hiyo ya hoteli ilifanya kazi nyingine. Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi, na baadaye wakamrudia Fundi Konde, mzee wao, wakarekodi naye. Bendi iliyokua kwa mtalii ikamrudisha kwenye masikio ya watu yule askari wa Burma. Ndiyo maana nasema mtoto wa nje ya duka si hadithi. Watoto kama yeye wakishapata studio, huwarudia wazee wao.

Lakini hoteli ina ubaya wake, na ubaya huo uliwahi kugeuka msiba. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, wageni kutoka Israeli walikuwa wakiwasili hoteli ya Paradise, Kikambala, humu humu Kilifi. Gari lenye mabomu likalipuka mlangoni. Wageni watatu walikufa, na Wakenya kumi. Miongoni mwa hao Wakenya walikuwa wachezaji ngoma waliosimama pale kuwakaribisha wageni. Walikuwa kazini. Tukiwataja mashujaa wa muziki wa pwani huwa tunataja wenye santuri, hatuwataji hawa, na wao ndio walio wengi: watu waliocheza ngoma ya babu zao mlangoni mwa hoteli kwa ujira mdogo, ili mtoto avae sare aende shule.

Baada ya hapo watalii walipungua, kama walivyopungua baada ya ghasia za Likoni za 1997, na kama walivyopungua tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kila mara bendi zilivunjika. Mtu aliyepiga besi miaka kumi na tano ukamkuta anaendesha bodaboda.

Mlipaji wa tatu ni sisi wenyewe, na humu ndimo kizazi changu kilimokulia. Redio za Pwani zilipofunguka, Baraka FM, Pwani FM, Kaya FM, kijana akaanza kusikia mwanzele na nyimbo za Kigiriama hewani, kayamba limekutana na kinanda cha umeme. Akasikia wasanii kama Nyota Ndogo, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani kabla ya muziki, na akili ikamwambia: kama yaya ameweza, mimi je? Lakini redio haimlipi msanii wa kijijini. Aliyemlipa ni mwenye kilio. Disko matanga, hata machifu wapige marufuku mara ngapi wakisema zinaharibu watoto wa shule, ndiyo iliyowapa wengi ninaowajua maikrofoni ya kwanza. Familia inachanga pesa, jenereta linaletwa, spika zinapangwa, na kijana wa miaka kumi na saba anashika maiki hadi alfajiri. Madhara yake nayajua na siyatetei. Nasema tu kwamba chuo cha muziki cha kijana wa Ganze au Magarini kilikuwa pale, karibu na jeneza.

Na kila miaka mitano anakuja mwanasiasa. Huyo hulipa vizuri, hulipa taslimu, na hataki wimbo wako, anataka jina lake ndani ya wimbo wako.

Haya yote nilikuwa nayaandika kwa kujifurahisha mpaka shangazi yangu aliponipigia simu mwaka jana. Mwanawe amemaliza form four, alama si mbaya, na amesema hataki chuo, anataka kwenda Mtwapa kwenye studio. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilitushinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika, leo makala, kesho tangazo la duka la saruji. Kwa shangazi hiyo inanifanya mtaalamu. "Wewe ndiwe unayejua mambo ya kuacha shule," akaniambia, bila utani. "Basi nambie, mwanangu. Hiyo ni kazi?"

Sikumjibu siku hiyo. Ni swali la haki, na aliyeuliza ndiye angelipa karo, kwa hiyo alistahili jibu lisilo na maneno ya mabango, yale ya fuata ndoto zako.

Jibu nililompa baadaye ndilo hili. Ni kazi, shangazi, imekuwa kazi kwa miaka themanini sasa. Tatizo ni kwamba imekuwa kazi ya mtu mwingine. Jeshi lilipomaliza vita likawaachia wanamuziki wake nauli. Hoteli ilimlipa mwanamuziki kwa usiku, na asipopiga, halali. Santuri ilimlipa mara moja na ikaendelea kuuzwa. Mwaka 2019 chama cha hakimiliki ya muziki nchini, MCSK, kiliwagawia wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja, nchi ikacheka na wasanii wakalia. Pesa hiyo haifiki hata nauli ya kwenda na kurudi Nairobi kuulizia zilizobaki.

Na maneno yetu yanasafiri bila sisi. "Hakuna matata" ilifika duniani kote, kwanza kwa nyimbo za pwani, kisha mwaka 1994 kwa filamu ya The Lion King. Disney wakayasajili maneno hayo Marekani kuwa alama ya biashara kwenye nguo, na watu wengi huku walikuja kusikia mwaka 2018 tu, kelele zilipopigwa mitandaoni. Mgiriama mmoja alikuwa ameimba maneno hayo miaka zaidi ya kumi kabla ya filamu, lakini mwenye karatasi alikuwa mwingine.

Mlipaji wa nne ni simu, na binamu yangu amezaliwa chini yake. Simu ina uzuri ambao Fundi Konde hakuupata: huhitaji Colmore, huhitaji meneja wa hoteli, wimbo unapanda usiku huu na asubuhi uko Doha kwa vijana wetu walioenda kuwa walinzi. Lakini simu nayo ni mlipaji, na walipaji wote wana tabia moja, hukulipa kidogo iwezekanavyo na hukuachia wewe kujua kilichobaki ni cha nani.

Kwa hiyo binamu yangu nilimwambia mambo mawili tu, nikijua vijana hawasikilizi matatu. La kwanza, kabla hujaingia studio andikianeni na prodyuza nani ametunga, nani ametengeneza mdundo, na mnagawana vipi, hata kama ni kwenye daftari la hesabu, kisha wimbo usajiliwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake wimbo utakaoutunga ukiwa na miaka kumi na tisa unaweza kumsomesha mjukuu wako, kama jina lililoandikwa ni lako. La pili, usiwaonee haya walipaji wadogo. Kapige harusi, kapige matanga, kapige hotelini kama watakuita. Wote waliokutangulia walianzia kwa mtu aliyekuwa na shida zake mwenyewe.

Teddy Kalanda Harrison alifariki Septemba 2024. Wiki ile simu yangu ilijaa "Jambo Bwana", na kilichonishangaza ni vijana wa hapa hapa walioandika kwamba hawakujua wimbo ule una mwenyewe. Walidhani ni wa zamani tu, kama mithali, kama bahari. Waliusikia tangu utotoni kwenye kila ufuo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba aliyeutunga ni mtu wa kwao.

Binamu yangu ni mmoja wao. Alinipigia usiku, akaniuliza kama ni kweli, na yule mzee alitoka kijiji gani. Kisha akaniuliza kama ndugu zake bado wanapiga, na wanapiga wapi.